Barua ya Kijiji Katika Ofisi ya Mipango

Ndugu zangu wanafunzi, natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari lake. Leo nitawaeleza habari za kazi katika Ofisi ya Mipango ya Wilaya. Mimi nilifanya kazi huko miaka mingi, nikiwa karani wa masijala. Masijala ni chumba cha kutunzia barua na majalada. Kila barua iingiayo ofisini hupita hapo kwanza.

Labda mmoja wenu anajiuliza, "Mimi ni mkulima, ofisi hiyo yanihusu nini?" Yakuhusu sana. Daraja mnalovuka, madawati wanayokalia watoto wenu, vyote hivyo vilianza kwa karatasi, na karatasi hizo zilipita mikononi mwa watu kama mimi.

Kupanga si jambo geni nchini kwetu. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilianza na mpango wa miaka mitatu, na mwaka 1964 ukafuata mpango wa miaka mitano. Lakini hiyo ni mipango ya nchi nzima. Mimi nataka kusema juu ya kijiji.

Kwa sheria ya mwaka 1982, Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa watu wote wakaao kijijini waliotimiza miaka 18. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, huleta mapendekezo, nao mkutano huyakubali au huyakataa. Yaliyokubaliwa huandikwa katika muhtasari. Muhtasari huo huenda kwenye kata, na kutoka kata huja wilayani. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo sisi tulikuwa na haraka tangu Desemba mpaka Machi, na barua iliyopotea miezi hiyo ilingoja mwaka mzima.

Katika ofisi yetu alikuwako Afisa Mipango, mtu mpole asiyependa makelele. Alikuwako mchumi, ambaye alisoma maombi na kupima lipi litangulie. Alikuwako mtakwimu, yaani mtu wa hesabu za watu na vitu. Huyu hata ukimwamkia asubuhi, ungedhani atakuuliza, "Kaya ngapi?" Alikuwako bibi mpiga chapa, aliyepiga mpango mzima kwa taipureta. Akikosea tarakimu moja katika jedwali, alianza ukurasa upya, nasi tulijua siku hiyo tusimsogelee. Siku hizi hesabu hizo huingizwa katika kompyuta. Halmashauri zinatumia mfumo uitwao PlanRep. Tena alikuwako tarishi wetu, mzee aliyepeleka barua kwa baiskeli. Mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wetu sote, lakini alivijua vijiji vyote vya wilaya, na njia zake, na wenyeviti wake.

Sasa nitawaambia kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Katika wilaya yetu palikuwa na vijiji viwili vyenye jina moja. Jambo hili ni la kawaida. Hebu hesabuni vijiji mnavyovijua viitwavyo Majengo au Mtakuja. Kimoja kilikuwa karibu na mjini, cha pili kilikuwa ng'ambo ya mto. Mwezi wa Januari 1997 ilifika barua. Wanakijiji walikuwa wamejenga kuta za zahanati kwa nguvu zao wenyewe. Walifyatua matofali, wakachota mchanga, wakapandisha kuta mpaka usawa wa kuezeka. Waliomba Serikali iwape mabati na mbao. Juu ya barua paliandikwa jina la kijiji na jina la wilaya. Kata haikutajwa, wala hapakuwa na barua ya kata ya kuandamana nayo.

Nikagonga mhuri wa kupokea, nikaandika namba, nikaitia katika jalada la kijiji cha karibu na mjini. Tarishi alikuwa amesimama pale akingoja barua za kupeleka. Akaniambia, "Bwana Karani, nadhani hiyo ni ya wale wa ng'ambo ya mto. Hawa wa hapa wana zahanati." Nikamjibu, "Mzee, hii ni kazi ya masijala." Yeye akachukua barua zake akatoka.

Jalada likaenda kwa mchumi. Mchumi akaona kwamba kijiji kile kina zahanati tayari. Akaandika, "Hakuna haja, zahanati ipo." Kwa jalada alilopewa, aliandika sawa. Jalada likarudi kwangu, nikaliweka rafuni.

Mwisho wa mwaka ule zikaja zile mvua kubwa ambazo watu wengi wanazikumbuka kwa jina la El Niño. Ziliendelea mpaka mwaka 1998.

Mvua zilipopungua, alikuja ofisini mama mmoja, mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji. Miguu yake ilikuwa na matope mpaka magotini. Hakuleta malalamiko ya mdomo tu. Alifungua khanga, akatoa nakala ya barua ile, ina mhuri wetu wa masijala na namba niliyoiandika kwa mkono wangu. Akasoma namba hiyo mbele ya Afisa Mipango, polepole, kidole chini ya mstari. Alisema alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la jioni. Kisha akauliza, "Barua hii ilijibiwa nini?"

Tukalitafuta jalada la kijiji chake. Barua haikuwamo. Afisa Mipango akauliza, "Nani aliipokea?"

Tarishi alikuwa mlangoni. Angaliweza kusema, "Nilimwambia." Hakusema neno. Nikasema, "Ni mimi, bwana." Nikaenda rafuni, nikaitoa katika jalada la jirani yao. Mchumi akaona mwandiko wake mwenyewe, akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Mama akasema ukuta wa upande wa kusini umeanguka, na wa magharibi umepasuka. Akasema pia kwamba mto ulipojaa, wagonjwa wao walibaki upande ule ule. Hatukumwuliza walikuwa wangapi. Hata mtakwimu hakuuliza.

Afisa Mipango alisimama akamwomba radhi kwa niaba ya ofisi. Mimi nilipewa barua ya onyo, nami nikaifungia mwenyewe katika jalada langu, kwa kuwa hiyo nayo ilikuwa kazi ya masijala. Ombi la kijiji liliingia katika mpango wa mwaka 1998/99. Wanakijiji walifyatua matofali upya, na mabati yakafika. Siku lori lilipopakia, niliomba ruhusa nikaenda nalo, pamoja na tarishi kutuonyesha njia. Njiani nilimwomba msamaha. Akasema, "Haya," akamwambia dereva apinde kulia.

Tangu siku ile, kila barua iliyokuja bila jina la kata nilimwonyesha mzee yule kabla ya kushika jalada. Lakini alistaafu, na si kila ofisi ina mtu kama yeye.

Basi, chukueni madaftari. Andikeni upande wa kulia, juu: jina la kijiji chenu. Chini yake jina la kata. Chini yake tarafa, kisha wilaya, kisha mkoa. Chini ya hayo tarehe. Asiyelijua jina la tarafa yake amwulize jirani. Mkimaliza, badilishaneni madaftari, kila mmoja asome ya mwenzake kwa sauti. Na siku mtakapopeleka barua ya kweli, chukueni nakala mbili. Moja mwachieni karani, ya pili mwambieni aigonge mhuri mrudi nayo nyumbani. Akisema hana nafasi, ngojeni palepale mpaka aipate.