Mchanga wa Shanzu Hutoka Wapi?



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuukinga ufuo huu wa Shanzu na mawimbi. Swali hilo kwa kawaida hujibiwa kwa ukuta. Mimi nitaanza na mchanga.

Shanzu haina mto mkubwa wa kuiletea mchanga kama Sabaki unavyoiletea Malindi. Ndiyo maana ufuo wa Malindi una rangi ya udongo na wetu ni mweupe. Weupe huo ni matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa, vyote vimesagika. Pono huung'ata mwamba, akala kilichomo, kisha akautoa uliobaki ukiwa mchanga laini. Msicheke, huo ndio mchanga wanaoulalia wageni wa hoteli zetu.

Mwamba huohuo ndio unaovunja mawimbi kabla hayajatufikia. Maji ya bamvua hapa Mombasa hupanda na kushuka karibu mita 4. Yakijaa siku ya kusi kali, mawimbi huupita mwamba juu kwa juu. Mwaka 1998 joto la El Niño liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya, na kati ya 1901 na 2018 bahari duniani ilipanda takriban sentimita 20. Mwamba ukidhoofika na maji yakiongezeka, wimbi linalofika ufuoni huwa kubwa zaidi.

Na vimbunga je? Tumezoea kusema ni vya Madagaska na Msumbiji, na kwa kiasi kikubwa ni kweli: karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuvisokota. Ila Aprili 1872 kimbunga kiliibomoa Zanzibar, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoelekea kisiwa cha Mafia, wavuvi wa huku nao walionywa wasitoke.

Sasa ukuta. Wimbi likipiga ukuta uliosimama wima, hurudi na nguvu zake na kuukwangua mchanga ulio chini yake. Penye kuta hizo, maji yakijaa, mpita njia hukunja suruali na kutembea bega likigusa mawe, kwa kuwa ufuo haupo tena. Aliyejenga amekinga bustani yake. Anayeliwa ni jirani asiye na ukuta. Tena mchanga huu husafiri: kusi huusukuma upande wa Mtwapa, kaskazi huurudisha upande wa Bamburi. Ukuta uliotokeza mbele huukatizia njia.

Sipingi kila ukuta. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, haihamishiki, na jabali lililoibeba lilikuwa likiliwa na bahari. Ukuta wake wa miaka ya karibuni ulistahili. Lakini jengo linalochorwa leo linaweza kurudi nyuma. Kanuni zetu za upimaji zinataka ukanda wenye upana usiopungua mita 60 kutoka alama ya maji kujaa ubaki wa serikali pale ardhi ya umma inapogawiwa. Mwenye macho na apite ufuoni aupime kwa hatua zake.

Anayedhani bahari iliyochakaa hairudi, aende Kuruwitu, kaskazini mwa Mtwapa. Huko wavuvi wenyewe, mwaka 2005, walikubaliana kuifunga sehemu ya bahari ya takriban hekta 30, jambo gumu kwa mtu anayekula kwa alichovua leo. Samaki walirudi, na mwaka 2017 wavuvi hao wakatunukiwa Tuzo ya Ikweta. Hawakumwaga zege hata karai moja.

Kwa hiyo ombi langu kwa kaunti na mamlaka ya mazingira, NEMA, ni hili: kibali kingine cha ukuta kisitolewe kati ya Nyali na mlango wa kijito cha Mtwapa kabla ufuo wote huo haujapangwa pamoja, badala ya ploti kwa ploti. Nanyi wavuvi, juya lilipigwa marufuku mwaka 2001. Linalovutwa usiku juu ya matumbawe yanayotupa mchanga huu, litoeni.