Mafuta, Umeme na Dhamiri ya Kiongozi

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Morogoro)

Mkulima wa Mgeta anapoteremsha kabichi zake kutoka milima ya Uluguru hadi soko la Morogoro, hapangi yeye bei ya dizeli. Mafuta yakipanda, mwenye gari hupandisha nauli, na mchuuzi hupunguza anachomlipa mkulima. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Kosa lilikuwa la walaghai, lakini aliyelipa ni pia mama wa Kinole mwenye koroboi yake. Hatuna budi kuuliza: wanaoamua mambo ya nishati wanamtumikia nani?

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yoyote. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ikamtaka kiongozi atangaze mali na madeni yake.

Mwaka huohuo wa 1995, TANESCO ilitia sahihi mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL, kwa ajili ya mtambo wa megawati 100 wa Tegeta, Dar es Salaam, uliokuwa ukiendeshwa kwa mafuta mazito. Shirika la umma lilipaswa kulipia mtambo huo hata usipozalisha umeme. TANESCO ilipopinga kiasi ilichotozwa, fedha zenye ubishi ziliwekwa Benki Kuu, katika Akaunti ya Tegeta Escrow. Mwaka 2013 zilitolewa. Novemba 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ilieleza kwamba zaidi ya shilingi bilioni 300 zilitoka, na kwamba sehemu yake ilifika katika akaunti binafsi za wanasiasa, majaji na watumishi wa umma. Desemba, Mwanasheria Mkuu alijiuzulu na waziri mmoja akaondolewa. Januari 2015 Waziri wa Nishati na Madini naye akajiuzulu.

Hapa tujipige kifua sisi wenyewe. Miongoni mwa waliotajwa bungeni walikuwamo pia viongozi wa Kanisa letu. Hatuhukumu nafsi ya mtu. Lakini tunajua jinsi tunavyoendesha harambee zetu: mgeni rasmi akitoa bahasha nene, tunapiga vigelegele, wala hatuulizi imetoka wapi. Kitabu cha Kutoka (23:8) kinatuonya kwamba zawadi ya namna hiyo hupofusha hata wenye macho. Aliyepokea kwa mkono wa kulia, atakemea kwa kinywa gani?

Basi tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwezi jumuiya isome bei kikomo za EWURA na kuzilinganisha na bei za vituo vyetu. Pili, wakati wa uchaguzi tumwulize kila mgombea, kwa adabu na hadharani, ana hisa wapi na nani anagharimia kampeni yake. Tatu, Halmashauri ya Walei iandike kila mchango mkubwa, jina la mtoaji na kazi uliyofanya, kisha isome mbele ya waamini.

Tukianza na daftari letu wenyewe, tutakuwa na haki ya kuomba daftari la wengine.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:
1. Bei ya mafuta ilipopanda, nani kati yetu aliumia zaidi?
2. Je, tuko tayari kukataa mchango tusioujua chanzo chake?