Moto katika Shamba la Yoabu

(Mazungumzo ya redioni ya kasisi wa Kanisa la Anglikana, Iguhu, Kakamega)

Mulembe. Sisi Waluhya tunaposalimiana kwa neno hilo tunatakiana amani, na leo nataka tutafakari juu ya amani ya shule zetu za sekondari.

Somo letu liko katika kitabu cha pili cha Samweli, mlango wa 13 na wa 14. Mwenye Biblia na aifungue baadaye asome mwenyewe, maana ni habari ndefu. Amnoni, mzaliwa wa kwanza wa Mfalme Daudi, alimnajisi dada yake, Tamari. Daudi aliposikia alikasirika sana, lakini hatusomi popote kwamba alimwadhibu mwanawe. Absalomu, ndugu yake Tamari, hakusema neno. Alinyamaza miaka miwili mizima, kisha akaamuru Amnoni auawe karamuni. Akakimbia, akakaa ugenini miaka mitatu. Aliporudishwa Yerusalemu alikaa miaka miwili mingine bila kuuona uso wa baba yake. Akamwita Yoabu, mkuu wa jeshi, ili amtume kwa mfalme. Yoabu hakuja. Akamwita mara ya pili. Hakuja. Ndipo akawaagiza watumishi wake walitie moto shamba la shayiri la Yoabu. Na baada ya moto huo, ndugu zangu, Yoabu alikuja.

Hapa Kenya moto wa namna hiyo twaujua. Mwaka 2016 pekee, shule zaidi ya 100 zilipatwa na moto, na nyingi zilichomwa na wanafunzi wenyewe. Kila jambo kama hilo linapotokea, wazazi wengi husema, "Rudisheni kiboko! Watoto waliharibika kiboko kilipoondolewa." Naielewa hofu yao. Lakini na tukumbuke vizuri. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Usiku ule wa Julai 1991, wavulana wa St. Kizito kule Meru walipolivamia bweni la wasichana waliokataa kujiunga na mgomo wao, wasichana 19 wakafa na wengine wengi wakanajisiwa, kiboko kilikuwapo. Mwaka 1999, wanafunzi wa Nyeri High School walipowachoma viranja wanne usingizini, kiboko kilikuwapo bado. Hakikuzuia.

Wala sisemi kwamba kukiondoa kumetuponya. Mwaka 2016 ni shahidi. Sheria ilitunyang'anya fimbo, lakini haikuweza kutupa moyo wa kuwalea watoto. Huo ni lazima tuutafute wenyewe.

Basi, kasoro iko wapi? Tazameni shule zetu za umma hapa Ikolomani. Dawati moja hukaliwa na mtoto wa daktari, mtoto wa mwenye duka, mtoto wa mchimba dhahabu, na mtoto wa mjane anayelima vibarua. Hiyo ni baraka kubwa. Lakini ndani ya baraka hiyo kuna mtihani, nao ni wetu sisi watu wazima.

Niliwahi kuitwa katika shule moja, ambayo sitaitaja, baada ya vijana wawili kupigana hadi damu ikamwagika. Ugomvi ulianza kwa dhihaka juu ya viatu vilivyotoboka. Baba wa kijana mmoja, mtu mwenye uwezo, alipiga simu, na kijana wake akarudi darasani siku iyo hiyo. Yule wa pili alitandikwa mbele ya gwaride, ingawa sheria imekataza, kisha akafukuzwa wiki mbili mpaka aje na mzazi. Mama yake, mchuuzi wa mboga, alikuja kwa miguu akangojeshwa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa nane. Nilipozungumza na kijana huyo, hakulalamikia adhabu. Alisema kosa lake alijua. Alichoniuliza ni hiki: "Pasta, na mwenzangu je?"

Ndugu msikilizaji, kijana huyo alikuwa ameianza ile miaka miwili ya Absalomu.

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno unaokata upande wa maskini tu si sheria tena, ni silaha. Mtoto huweza kuvumilia adhabu kali kuliko tunavyodhani, lakini upendeleo hausahau. Na yule aliyeokolewa kwa simu ya baba naye ameumizwa, maana amefundishwa kwamba kosa lina bei na kwao pesa zipo. Amnoni hakuokolewa na upole wa Daudi. Upole ule ndio uliomfikisha kaburini.

Walimu wapendwa, kazi yenu ni ngumu na madarasa yamejaa. Nawasihi mambo mawili. La kwanza, kosa moja lipimwe kwa kipimo kimoja. Waliopigana wote wawili wasikilizwe, waombane msamaha, wafanye kazi pamoja kufidia walichoharibu. La pili, msimngoje Absalomu achome shamba. Wanafunzi wanaposema chakula kimeoza, au kiranja anawaonea wadogo, huko ndiko kuitwa mara ya kwanza. Nendeni wakati huo. Katika Zaburi ya 23 fimbo ya mchungaji ni faraja kwa kondoo, kwa kuwa kondoo ajua haikuwekwa kwa ajili yake peke yake na mchungaji yuko karibu.

Nanyi wazazi! Siku ya kupiganisha fahali pale Malinya, mwenye fahali humjua mnyama wake kwa jina, ajua amekula nini, ajua anapochukia kabla hajainamisha pembe. Je, mwanao wa sekondari wamjua hivyo? Wajua ni nani anayemdhihaki? Wajua kama alishinda njaa kwa sababu pesa za chakula cha mchana hazijalipwa? Na ukiwa na uwezo, mwanao akikosa, usipige simu. Nenda naye, simama kando yake, na umwache aadhibiwe kama wengine.

Vijana wangu, nina neno nanyi pia. Mtasema, "Lakini Absalomu alisikilizwa!" Naam, alisikilizwa. Lakini mtu aliyejifunza kwamba moto huitikiwa hakukoma hapo. Aliasi dhidi ya baba yake mwenyewe, akafa akining'inia mtini, na Daudi akamlilia asifarijike. Tena fikirini: bweni likiteketea, wazazi hutozwa gharama za kulijenga upya. Mwenye uwezo humhamisha mwanawe shule nyingine. Mjane huuza ng'ombe wake wa pekee. Moto mnaouwasha kwa kudai haki humla kwanza yule asiye na haki. Ukiwa na neno moyoni usilifungie miaka miwili. Mwambie mwalimu unayemwamini, mwambie mzazi, njoo kwa kasisi wako. Na asipokusikia wa kwanza, mwendee wa pili.

Na tuombe. Ee Baba, usiyependelea mtu kwa uso wala kwa mali, wape walimu wetu haki na uvumilivu, wape wazazi masikio, na wape vijana wetu ujasiri wa kusema bila kuchoma wala kuumiza. Wafariji waliopoteza watoto wao shuleni. Tunaomba kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.