Hazina Iliyofichwa Msituni

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo linalonishughulisha tangu nistaafu. Wengi wenu mnajua kwamba kazi yangu ilikuwa kupima ardhi. Kwa miaka 34 nilibeba vyombo vya kupimia na kupanda mawe ya mipaka katika mashamba ya watu. Leo kazi yangu ni kuendesha baisikeli msituni na kutafuta visanduku vilivyofichwa na watu nisiowajua. Naona vijana wanacheka. Chekeni, lakini nipeni dakika kumi.

Mchezo huu huitwa jiokashingi. Mimi nauita msako wa visanduku. Chanzo chake ni hiki. Mnamo tarehe 2 Mei 2000, Serikali ya Marekani iliacha kuzivuruga kwa makusudi ishara za satelaiti za GPS zinazotumiwa na raia. Kabla ya siku hiyo chombo cha raia kiliweza kukosea hata mita 100. Baada yake kosa likashuka hadi mita kumi hivi. Kesho yake, tarehe 3 Mei, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo msituni karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon. Ndani yake alitia vitu vidogo vidogo, likiwamo kopo la maharagwe, pamoja na daftari na penseli. Kisha akatangaza namba za mahali pale: nyuzi 45 na dakika 17.460 Kaskazini, nyuzi 122 na dakika 24.800 Magharibi. Sharti lake lilikuwa fupi: chukua kitu, acha kitu, andika katika daftari. Siku chache tu zikapita, ndoo ikapatikana. Hivi sasa visanduku vya namna hiyo ni zaidi ya milioni tatu duniani.

Ninyi wa Jiografia, tazameni tena namba zile. Dakika moja ya latitudo ni kama mita 1,850 juu ya ardhi. Basi tarakimu ya tatu baada ya nukta haifiki mita mbili. Nasi tulio karibu na Ikweta tuna bahati, kwa kuwa dakika ya longitudo kwetu karibu ilingane na ya latitudo. Simu yako hupokea ishara kutoka satelaiti zisizopungua nne, zilizo juu yetu kilomita 20,200 hivi, ikapiga hesabu ya muda ishara zilizochukua kufika, ikakuambia ulipo. Kazi hiyo haihitaji bando, wala satelaiti haimtozi mtu senti.

Lakini chini ya miti mikubwa ishara hugongana na majani na vigogo. Simu itakufikisha mita kumi kutoka kwenye kisanduku, na hapo elimu yake inakwisha. Huna budi kuitia mfukoni na kutumia macho yako: jiwe hili mbona limekaa upande, tundu la gogo lile mbona limezibwa kwa gome? Hapo ndipo mchezo wenyewe unapoanza.

Mimi huenda sana msitu wa Karura, pale Nairobi. Una zaidi ya hekta 1,000, na njia za baisikeli zinapita katikati ya miti, zikiwa na nguzo za namba kwenye njia panda. Njia ya msituni si lami. Ukiteremka kuelekea mtoni, simama juu ya pedeli, rudisha mwili nyuma, ukamate breki zote mbili taratibu. Ukikuta tope, pita katikati yake hata kama utachafuka, maana kila anayekwepa pembeni anaipanua njia na kuikanyaga miche. Na ukikaribia kisanduku, iache baisikeli njiani, uende kwa miguu.

Yako masharti mengine. Kisanduku hakifukiwi ardhini. Hakitiwi chakula, kwa sababu kima watakibomoa. Kati ya kimoja na kingine pawe na mita 161 au zaidi. Tena hakiwekwi bila ruhusa ya mwenye mahali. Huko Marekani wengi hutumia masanduku ya chuma ya jeshi yaliyokuwa ya risasi. Hapa kwetu, ambako tumeyaona ya mabomu, usithubutu. Tumia mkebe wa plastiki unaoonyesha vilivyomo, nawe uwaarifu askari wa msitu.

Siku moja nilipokuwa nimeinama kwenye mizizi ya mti, askari wa msitu alinijia akaniuliza natafuta nini. Nikamweleza. Akatabasamu, akanyosha kidole mahali penyewe. "Mzee, hicho nakijua siku nyingi," akaniambia. "Kima walikifungua, karatasi zikatawanyika. Nikaziokota, nikakifunika." Hakuwa mchezaji, wala hakuwa ameandika jina lake daftarini.

Bwana Mwenyekiti, nimewaza sana juu ya askari yule. Katika kazi yangu nimepanda jiwe la mpaka mchana, mbele ya chifu na mashahidi, likang'olewa usiku. Namba zake zilikuwa ofisini, ramani ilikuwa na muhuri, na jiwe halikuwapo. Mkebe wa plastiki usio na mlinzi, ambao namba zake zimetangazwa dunia nzima, unakaa mahali pake kwa sababu kila anayeufikia peke yake anaurudisha alivyoukuta.

Na Karura yenyewe je? Ulikuwa msitu wa serikali tangu 1932, umo katika ramani. Hata hivyo katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu binafsi. Ramani haikuuokoa. Waliouokoa ni watu waliokwenda kwa miguu yao na miche mikononi, wakiongozwa na Profesa Wangari Maathai, ambaye alipigwa akajeruhiwa kichwani pale mnamo tarehe 8 Januari 1999. Mtu hakilindi asichokijua, na msitu haujulikani kwa kuutazama dirishani.

Sasa nafika kwenye ombi langu. Nyuma ya shule yetu upo msitu. Sisi wazee tuliuacha ukifika kwenye kijito. Nendeni leo mkaone umeishia wapi. Napendekeza tuombe ruhusa ya wenye msitu, tupitishe njia ya baisikeli kandokando ya mpaka wake, na tuweke visanduku vinane. Ndani ya kila kimoja liwemo daftari, na kijana atakayefika aandike tarehe, jina lake na alichokiona: mti uliokatwa, maji yaliyopungua, shamba lililosogea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya miaka kumi, atakayetaka kusema msitu haukuwahi kufika pale atajibiwa kwa madaftari.

Najua simu haziruhusiwi shuleni. Simu moja ya mwalimu yatosha kundi zima.

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa wenye pesa. Kweli, baisikeli ni ghali. Kwa hiyo mimi natoa mbili, zenye tairi pana na breki nzima, na nitakuja mwenyewe kuwafundisha vijana kusoma namba.

Wazee wenzangu, nani anaongeza ya tatu?