Siri ya Simu na Dhamana ya Mtumishi



Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Hapa Chiwata, kama ilivyo katika vijiji vingine vya Masasi na Newala, mtungi wa siku hizi ni simu ya mkononi. Ndani yake zimo salamu za watoto walioko mjini, habari za wagonjwa na taarifa za malipo ya korosho. Hapana budi kuuliza kata ni nani, na ni nani aliyeiruhusu kuchota.

Kila simu ina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, iitwayo IMEI. Mwenye simu akibonyeza *#06# ataiona. Namba hiyo si ya laini bali ni ya chombo chenyewe. Laini hubadilishwa, lakini namba ya chombo hubaki ile ile. Simu inapowashwa hujitambulisha kwa mnara ulio karibu, na kampuni ya simu ikajua ni chombo kipi kinachotumia laini ipi, na kwa kupitia mnara upi. Bila kujua laini iko katika eneo la minara ipi, kampuni isingeweza kumfikishia mteja simu anayopigiwa.

Serikali nayo ilikuwa na sababu ya kuzifuatilia namba hizo. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliagiza laini zisajiliwe, na iwepo rejesta kuu ya namba za vyombo. Usiku wa tarehe 16 Juni, 2016, simu bandia zilizimwa nchini kote. Kwa rejesta hiyo, simu iliyoibwa yaweza kufungiwa, mwizi akabaki na kopo tupu. Mwaka 2019 ukaanza usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa.

Hapana mwananchi mwema anayechukia mwizi kubanwa. Hata hivyo, kidole, jina, laini, chombo na mnara vikiwekwa pamoja vyaweza kueleza mtu alilala wapi, alimpigia nani na alilipwa lini. Nchini Kenya jambo hili lilifika mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilizuia mpango wa kuunganisha mtambo wa mamlaka ya mawasiliano na mitandao ya makampuni ya simu, ikitaja haki ya faragha. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Jambo linalowatenganisha majaji si jambo jepesi.

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, inayapa hifadhi mawasiliano ya binafsi ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi maalumu, wala zisigeuzwe kwa kusudi jingine.

Lakini mara nyingi siri ya mwananchi haivuji katika mitambo, huvuja mezani. Orodha ya wazazi yenye majina, namba za simu na za vitambulisho hubandikwa ukutani, kisha picha yake ikasambazwa katika kundi la WhatsApp. Wakala asiye mwaminifu humwambia bibi aweke kidole mara ya pili, ati cha kwanza hakikushika, kumbe anasajili laini nyingine. Tapeli akiitumia laini hiyo, jina litakalotafutwa ni la bibi.

Kwa hiyo wajibu ni dhahiri. Mwalimu amwelekeze mzazi kubonyeza *106# ili ajue laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na kupeleka namba za matapeli 15040. Amshauri aiandike namba ya chombo chake na kuihifadhi kabla simu haijaibwa, wala asimpe asiyehusika. Mtendaji naye asidai namba asiyoihitaji, na ile anayoihitaji aifungie kabatini.

Bibi aliyeweka kidole mezani hakuiuza siri yake, bali aliikabidhi. Kilichokabidhiwa ni amana, na mwenye kuitunza hapaswi kungoja kushtakiwa ndipo akumbuke kwamba si mali yake.