Ukiteuliwa, Uliza Utacheza Wapi



Leo tumtazame Nazem Kadri, Muislamu wa asili ya Lebanon, mzaliwa wa London, Ontario, kule Kanada. Mwaka 2009, akiwa na miaka 18, Toronto Maple Leafs walimteua wa saba katika uteuzi wa chipukizi wa NHL, ligi kubwa ya mpira wa magongo wa barafuni. Utadhani msimu ule ule alipata namba. Wapi! Alirudishwa London Knights, timu ya vijana ya mji wake. Baadaye akawa akipanda Toronto na kushuka Marlies, timu yao ya daraja la pili, hadi 2013 ndipo akatulia juu.

Je, alipotezewa wakati? Mimi nasema la. Chipukizi hukua akicheza. Benchi halimfunzi mtu kupiga chenga. Kwa vijana wenzake alipata dakika nyingi, na Marlies wakamkutanisha na wanaume waliokomaa.

Lakini wepesi nao una hatari. Anayefunga kila siku bila jasho amelimaliza darasa lile, apandishwe. Tangu 2025 hata vyuo vikuu vya Marekani vimewafungulia mlango wachezaji wa ligi za vijana za Kanada, basi njia zimezidi.

Mwaka 2022 Kadri alitwaa Kombe la Stanley na Colorado Avalanche, akalipeleka msikitini kwao London.

Basi kijana, usione haya kushuka daraja. Na wewe mzazi, kabla hujauliza timu ina jina gani, uliza mwanao atacheza dakika ngapi.