Taka Zitenganishwe Jikoni, Si Dandora
Hotuba kwa wakazi wa nyumba za ghorofa, Nairobi



Karatasi ikishalowa mchuzi, hakuna anayeinunua. Inaishia Dandora, jaa lililotangazwa kujaa tangu 2001. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza.

Katika nyumba ya ghorofa, ndoo mbili zinatosha. Ya kwanza ni ya maganda, mabaki ya chakula na majani ya sukuma wiki. Ya pili ni ya chupa, mikebe, karatasi na katoni. Suuza chupa na mikebe kwa maji uliyooshea vyombo; usipoteze maji safi.

Nepi na sodo zifungwe kando. Wembe, sindano na vioo vilivyovunjika vitiwe kwenye chombo kigumu, na mbebaji taka aambiwe. Kijana huyo hupanga taka zetu kwa mikono yake, mara nyingi bila glavu.

Najua mtauliza: tutenganishe, kisha gari lichanganye? Swali ni la haki. Sheria hiyo inamtaka mbebaji naye achukue taka zikiwa zimetengwa. Kaeni na mwenye nyumba, mkubaliane naye kabla ya kulipa ada ya mwezi ujao. Wakati huohuo, chupa na katoni kavu zina wanunuzi mtaani.

Tuanze jioni ya leo.